Oili ya difu ya Hilux: anza na nati ya juu

Mkuu, nimeona swali lako. Umenunua Hilux mkononi kwa mtu huko Moshi, fundi anakwambia oili ya difu, ile boksi ya gia iliyo katikati ya matairi ya nyuma, haibadilishwi mpaka difu ianze kulia, na unataka kujua kama kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Fundi hajakwambia kweli. Difu ikishaanza kulia, meno yamekwishalika, na oili mpya haiyarudishi. Ama kazi yenyewe, unaiweza hata kama spana uliyozoea ni ya tairi tu.

Mimi niko Arusha, Sakina, pikapu yangu inabeba vitunguu kutoka Mang'ola. Nimebadilisha oili ya difu mara tano sasa, na ile ya kwanza bado naionea aibu.

Siku hiyo fundi alikuja nyumbani Jumamosi jioni, akalala chini ya gari, akafungua nati ya chini, oili yote ikashuka kwenye beseni. Safi. Akahamia nati ya juu, ile ya kujazia. Haikutikisika. Akaweka bomba kwenye spana ili apate nguvu, spana ikateleza, kona za nati zikaisha. Kumbe aliyewahi kuifungua kabla yetu alitumia patasi na nyundo. Difu tupu, mzigo unanisubiri Mang'ola, usiku unaingia. Kesho yake nilimtafuta mchomeleaji akachomelea nati nyingine juu ya ile iliyokufa. Ule moto wa kuchomelea ndio uliolegeza, ikatoka kwa spana ya kawaida. Nililipa kuchomelea, nati mpya na safari iliyolala.

Kwa hiyo nati ya juu inafunguliwa kwanza, kabla hujagusa ya chini. Ikigoma, oili yako bado imo ndani na gari linatembea hadi gereji. Kwenye yangu zote mbili ni namba 24. Tumia soketi ya pembe sita, usitumie spana mdomo wazi, na usafishe tope pembeni kwa brashi ya waya kabla ya kuanza, maana mchanga ukiingia tunduni umeshaharibu ulichokuja kutengeneza.

Oili ni ya gia, 80W-90 au 85W-90, na kwenye kopo hakikisha pameandikwa GL-5. Hili watu wanalichukulia juu juu. Ndani ya difu pinion, ile gia ndogo, haikuikabili katikati krauni, gia kubwa inayozungushwa nayo, imekaa chini kidogo ya kitovu chake, kwa hiyo meno hayabonyezani tu, yanaburuzana. Oili ya injini haivumilii hali hiyo. Ya GL-5 ina dawa ya salfa ya kuzuia chuma kisile chuma, ndiyo maana ukifungua kopo inanuka kama yai viza. Itakayobaki usiimwage kwenye giaboksi ya gia za mkono bila kusoma kitabu cha gari, kwani nyingi zinataka GL-4, na salfa hiyo inaweza kula shaba iliyomo humo. Kama difu yako ni ya LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, kuna oili yake maalumu. Mimi sinunui ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Chukua lita 3 za kopo lililofungwa, na washa mbili mpya.

Asubuhi ya Julai huku kwetu oili ya difu inakuwa nzito kama uji wa jana, kwa hiyo endesha kwanza robo saa hivi. Halafu tafuta sehemu tambarare kweli kweli. Mji wetu umelala kwenye mteremko wa Meru na nyua nyingi zinadanganya macho. Tundu la kujazia kwenye Hilux liko mgongoni mwa difu, kwa hiyo pua ya gari ikitazama mlimani, oili inarudi nyuma na kumwagika tunduni kabla haijatosha, nawe unafunga ukijua umejaza. Pikapu imenyanyuka vya kutosha, huhitaji jeki. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi.

Inaposhuka, usiiangalie kama uchafu wa kutupa. Nyeusi imezeeka tu. Nati ya chini ikiwa na sumaku utakuta imeshika tope la kijivu, laini kama grisi ukilisugua kati ya vidole, na hilo ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, simama hapo, tafuta fundi wa difu.

Na ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yamenikuta mimi. Masika moja nilivuka korongo njia ya Mang'ola, maji yakafika kwenye habu, na difu ilikuwa ya moto baada ya kupanda na mzigo. Chuma cha moto kikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Inatakiwa ivute kupitia kile kikofia kidogo cha kupumulia kilicho juu ya ekseli, lakini changu kilikuwa kimezibwa na tope, ikavuta maji kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Nililazimika kumwaga, kujaza oili ya bei nafuu, kuzunguka mtaani kidogo, kumwaga tena, ndipo nikaweka ya kudumu. Siku hizi nimetoa kikofia, nimeunga mpira mwembamba na kuupandisha hadi juu karibu na bodi. Wewe angalau kizungushe kwa vidole, kikigoma kisafishe.

Kujaza ndiko kunakochosha, kwa sababu tundu liko mgongoni mwa difu na kopo halilali. Pampu ya mkono ipo madukani mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, lakini mimi natumia chupa ya maji iliyokatwa kitako, mpira mrefu shingoni, naitundika kwenye bodi na oili inashuka yenyewe taratibu. Inatosha pale inapoanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu. Usizidishe, itatafuta njia kwenye sili na kukuishia kwenye breki za nyuma. Kaza nati kwa mkono wa kawaida, bila bomba, usimtese atakayekuja kuifungua.

Oili chafu nampa jirani anapaka nguzo za zizi, mchwa hawazigusi. Usiimwage mtaroni.

Wengi wanabadilisha kila kilomita 40,000. Mimi kwa mizigo na makorongo haya sizidishi 20,000, na baada ya kuvuka maji mengi nalegeza nati ya chini kidogo nione tone la kwanza. Wewe hujui mwenzako alifanya nini, badilisha wiki hii. Halafu baada ya siku saba chungulia upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Ukikuta unyevu wa mafuta hapo, ni sili ya hafushafti, ule mhimili unaozungusha tairi, na hiyo mpelekee fundi, ila usiwe yule wa mpaka ianze kulia.