Maana za majina ya Kizungu, maswali yenu ya wiki hii

Swali: Eti James na Yakobo ni jina moja? Mbona hata hayafanani?

Ni moja kabisa. Asili ni Kiebrania, Yaakov, Wagiriki wakasema Iakobos, Warumi Iacobus, halafu baadae watu wa kawaida kwenye Kilatini chao cha mtaani wakaanza kutamka Iacomus, yaani b ikageuka m, na hiyo m ndo ikapita Ufaransa ikaingia Uingereza ikawa James. Waitaliano wanasema Giacomo, na Santiago ya Wahispania ni "Mtakatifu Yakobo". Kama bado unabisha fungua Waraka wa Yakobo kwenye Biblia ya Kiswahili kisha utafute huohuo kwenye ya Kiingereza, utaona umeandikwa James. Hata mfalme James wa Pili wa Uingereza alipong'olewa 1688, wafuasi wake waliitwa Jacobites.

Swali: Tunategemea mtoto wa kiume, tumependa Frederick, mtandaoni wanasema ni "mtawala wa amani". Kweli?

Vipande vyake ni hivyo, cha kwanza amani, cha pili mtawala. Ila hiyo sentensi nzima msiishike sana, kwa sababu Wajerumani wa kale na ndugu zao Waingereza walikuwa wanaunga vipande viwili bila kujali vikikaa pamoja vinaleta maana gani, mara nyingi walichotaka ni mtoto abebe kipande cha mzazi. Mfalme Æthelwulf wa Wessex, ufalme wa kale huko Uingereza, karne ya 9, watoto wake ni Æthelbald, Æthelberht, Æthelred, hiyo Æthel ni "mwenye nasaba bora" na imezunguka familia nzima. Gertrude nayo ni mkuki na nguvu, na mabinti wapole kabisa wameitwa hivyo. Frederick ni jina zuri, mpeni tu.

Swali: Mimi Margaret, mpwa wangu anaitwa Lulu, nimeambiwa tuna jina moja.

Ndio, huyo ni somo wako. Margarites kwa Kigiriki ni lulu. Greta, Rita na Peggy nao wamo humohumo.

Swali: Nataka kumbatiza binti yangu Vanessa, ni mtakatifu gani huyo?

Dada yangu, jina hili halikutoka kwa mtakatifu. Lilitungwa na Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh, akachukua Van ya ukoo akaunga na Essa ya Esther. Esther mwenyewe alifariki 1723, shairi la Swift lenye jina hilo likachapishwa 1726 na dunia ikalipenda. Kuhusu ubatizo usiwe na presha, Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lisiloendana na roho ya Kikristo, haidai lazima liwe la mtakatifu. Ukitaka awe na mtakatifu msimamizi mwongezee Esta, tena ndo jina lenyewe lilikotoka.