Ukitaka kujua ipi asidi na ipi besi, fuata protoni

Wanafunzi wengi ninaowasaidia kemia, ukiwaandikia mlinganyo na kuwauliza besi ni ipi, macho yao hukimbilia kutafuta OH, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoungana, kama zilivyo kwenye besi nyingi. Isipokuwepo, wanakwama. Ndiyo maana amonia huwatoa jasho: NH₃ haina OH, na bado ni besi.

Ushauri wangu ni usiihukumu fomula ikiwa peke yake. Asidi ni ile inayotoa protoni, besi ni ile inayoipokea. Hivyo ndivyo wanakemia Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza walivyoeleza mwaka 1923, kila mmoja kivyake. Protoni hapa ni H⁺, yaani atomi ya haidrojeni iliyopoteza elektroni yake.

Tazama huu:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Weka kidole kwenye nitrojeni, kisha vuka mshale. Upande wa kushoto ina haidrojeni 3, wa kulia 4, na chaji imepanda kutoka 0 hadi +1. Imepokea, basi ni besi. Maji yamepungukiwa haidrojeni moja na chaji imeshuka hadi −1. Yametoa, kwa hiyo hapa maji ni asidi.

Hapa, nasema, maana kwenye HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻ maji yaleyale yanapokea. Kukariri kwamba maji ni kitu fulani siku zote hakutakufikisha mbali.

Kagua haidrojeni na chaji kwa pamoja. Zinki ikitiwa kwenye HCl, haidrojeni inatoka kweli, lakini inatoka kama gesi ya H₂ na zinki haikupokea protoni yoyote. Zilizohama ni elektroni, kwa hiyo usiite zinki besi. Kwa upande mwingine, gesi ya amonia ikikutana na gesi ya HCl unaona moshi mweupe wa NH₄Cl: protoni imehama bila hata tone la maji.

Ukishazoea, usome mlinganyo kinyumenyume pia. NH₄⁺ ikiirudishia OH⁻ protoni, yenyewe ndiyo asidi. Kila asidi ina besi yake ng'ambo ya mshale, na tofauti yao ni protoni moja tu. Mtego wa mitihani uko hapo: H₂SO₄ (asidi ya salfuriki) na SO₄²⁻ si jozi ya asidi na besi yake, kwa kuwa zimepishana protoni mbili. Mwenza wa H₂SO₄ ni HSO₄⁻.