Jumuiya isivunjike kwa sababu ya uchaguzi

Kwetu Mtwara na Lindi uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, na Oktoba ndiyo minada ya korosho inaanza. Watu wanakuja kwenye sala ya jumuiya, yaani kaya chache za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, na mambo mawili kifuani: kura na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kiongozi asipokuwa macho, sala inageuka mkutano wa kampeni.

Panapoharibika zaidi ni kwenye maombezi ya papo kwa papo. Mtu anaanza vizuri, anaombea amani, halafu anateleza: "Ee Bwana, uwashushe hawa wanaotuonea hapa kijijini." Wote mkekani wanajua nani anasemwa. Mama ambaye mume wake ni balozi wa shina, yaani kiongozi wa chama tawala kwenye nyumba chache za jirani, anaitikia kwa sauti ya chini, na wiki ijayo haji. Kwa hiyo nia za maombi ziandikwe mapema, nne au tano, zigawiwe kwa wasomaji. 1 Timotheo 2:1-2 inatutaka tuwaombee wote wenye mamlaka. Basi tuombee vyeo bila kutaja majina: diwani, mbunge, hakimu, mkuu wa polisi, Rais.

Lakini hapo tusijifiche. Kuombea wakubwa hakumaanishi kunyamazia dhuluma. Mwanajumuiya akikamatwa au akipigwa, huyo atajwe kwa jina, na kesho yake wawili waende kumwona, wampelekee chakula, wamwulize mkewe watoto wamekula nini. Jumuiya inayosali tu bila kwenda inawafundisha vijana kwamba imani haina miguu.

Mwenye cheo cha chama aendelee kusali na wenzake, ila asiongoze sala wala kushika mfuko wa jumuiya mpaka kampeni ziishe. Sare za chama zibaki nyumbani. Bahasha ya mgombea irudishwe, hata kama paa la kigango, kanisa letu dogo la kijijini, linavuja. Ukishaipokea, huwezi tena kumkemea.

Kwenye kikundi cha WhatsApp, siku za kura na matokeo waachwe wasimamizi tu waandike. Sauti inayodaiwa ni ya askofu, haina tarehe wala parokia, isisambazwe kabla ya kumuuliza paroko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumfikia anayesambaza uongo akijua ni uongo ili kupotosha watu, hata kama hakuutunga yeye.

Mei 2013, vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam zilipozuka Mtwara mjini, maduka yalifungwa. Wazee wanaoishi peke yao ndio huumia kwanza hali ikiwa hivyo. Wiki moja kabla ya kura, jumuiya ya kaya kumi na tano iweke debe la unga, kilo tano za maharage na chumvi, na ijue nani anameza dawa za kila siku ili achukue akiba mapema. Jirani Mwislamu asiye na mtu naye aingie kwenye orodha hiyo. Imamu akishirikishwa mapema, atawataja ambao ninyi hamuwajui.

Matokeo yakishatoka, hesabuni nani hayupo. Asipoonekana wiki mbili, afuatwe na watu wawili, mmoja wao awe wa chama chake.