Ndege ikigongwa ikiwa imeegeshwa: jinsi ya kuripoti na kuchunguza

Mleta uzi anauliza: mkanda wa kupakilia mizigo (lile gari lenye mkanda wa kupandishia mizigo) umegusa ndege karibu na mlango wa nyuma, rangi tu imechubuka, supavaiza anasema yaishe hapohapo, na yeye ndiye shahidi. Afanye nini, na uchunguzi wa kweli unafanywaje? Nimefanya kazi rampu, yaani pale ndege zinapoegeshwa na kuhudumiwa, miaka mingi, kuanzia upakiaji hadi kukabidhiwa mafaili ya ajali, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Mdogo wangu, likitokea tena, mwite fundi wa ndege kabla milango haijafungwa. Sema, "Ndege imeguswa hapa," umwonyeshe kwa kidole. Kama ndege hiyo imeshaondoka, piga simu kwa mafundi wa shirika lake sasa hivi, usisubiri hata kumaliza kunisoma. Kupima uzito wa mchubuko si kazi yako wala ya supavaiza. Tarehe 26 Desemba 2005, pale Seattle, Marekani, gari la mizigo lilibonyeza ubavu wa ndege aina ya MD-83 ya Alaska Airlines na mhusika hakusema kitu. Ndege ikaruka. Ilipokuwa kama futi 26,000 pale palipobonyea pakapasuka, tundu la inchi 12 kwa 6, na hewa ya ndani ikatoka. Marubani waliirudisha salama. Simu moja tu kwa fundi ingetosha.

Na hiyo ilikuwa ndege ya bati, ambalo likipigwa angalau hubonyea ukaona. Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, bodi yake kwa sehemu kubwa ni nyuzi za kaboni. Inaweza kupigwa ikarudi umbo lake, juu ukaona mkwaruzo tu, kumbe ndani tabaka zimeachana. Fundi anahitaji kifaa kulijua hilo, sembuse wewe mwenye tochi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kiambatisho namba 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huhesabu ajali tangu mtu wa kwanza anapopanda kwa nia ya kusafiri hadi wote wanaposhuka. Ndege ikigongwa tupu usiku, huenda isiingie humo, na hapo ndipo wakubwa wengine husema "hii si ajali." Bado ni tukio la usalama na lazima liandikwe. Kiambatisho hichohicho kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali, si kugawa lawama. Hilo nililisoma darasani nikafaulu mtihani, kisha nikaja kulivunja mwenyewe.

Iko hivi. Usiku mmoja mkanda ulikutwa umekandamiza ukingo wa chini wa mlango wa mizigo. Dereva akaapa kwamba alisimama vizuri, akaacha nafasi, akavuta breki, akashuka. Sikumwamini. Nikapiga picha mbili, nikaandika "uzembe wa dereva", nikasaini. Akafukuzwa kazi.

Miezi mitatu baadaye likatokea lilelile, kwa dereva mwingine, mtu makini ninayemfahamu. Safari hii nikazuia kitu chochote kisisogezwe. Nikapima kimo cha ukingo wa mlango na cha ncha ya mkanda kutoka ardhini, nikaandika na saa. Nikahoji mashahidi mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja kunywa chai. Si kwamba watu ni waongo, ila kumbukumbu huambukizana. Kisha nikaangalia mikwaruzo yenyewe kwa kumulika tochi kutoka pembeni. Gari likiingia kwa mbele, alama husukumwa kwenda ndani. Hizi zilikuwa zimesimama, juu na chini.

Ndege hupanda na kushuka juu ya miguu yake. Ukiipakua inanyanyuka, ukiijaza mafuta na mizigo inakaa chini. Nikaomba risiti ya mafuta, nikailinganisha na saa ambayo mkanda uliwekwa. Mafuta yalianza kuingia baada ya mkanda kuegeshwa chini ya ukingo. Ndege ndiyo iliyoukalia mkanda! Hakuna aliyeigonga. Na mtu wa kuangalia ile nafasi hakuwepo, kwa sababu usiku ule mtu mmoja alikuwa anahudumia ndege mbili.

Ripoti hiyo ilileta mabadiliko: mafuta yakianza kuingia mkanda unashushwa au unarudishwa nyuma, na kila ndege ina mtu wake wa kuangalia. Kwa hiyo ukiandika yako, anza na ulichokiona kwa macho yako, saa ngapi, nani alikuwa wapi, taa zilikuwa zinawaka au la, ndege ilikuwa na mzigo kiasi gani. Neno "uzembe" usiliandike kabisa. Ukishaliandika, hakuna atakayeuliza swali la pili. Na omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hasa kwa supavaiza wa namna hiyo.

Baadaye nililifungua tena lile faili la kwanza. Risiti ya mafuta ilikuwemo, imebanwa nyuma ya ukurasa wangu wenye saini, na saa zake zililingana na alichosema dereva. Niliandika nyongeza na kuipeleka kwa uongozi. Dereva mwenyewe nilimpata mwaka uliofuata, anaendesha daladala. Nilimwomba radhi, na nakala ya nyongeza ile nikampa mkononi.