Mama anasahau sahau, mnyama wa roboti atamsaidia?

SWALI: Shangazi, mama yangu ana tatizo la kusahau na siku hizi amekuwa mpweke sana. Nimesikia kuna wanyama wa roboti, je ni kumdanganya mtu mzima?

JIBU: Pole mwanangu, nakuelewa kabisa. Hivi vitu vipo kweli, maarufu ni PARO wa Japani, ana umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini), ana manyoya meupe na vifaa vya kuhisi mguso, mwanga na sauti, ukimpapasa anageuza kichwa na kulia kidogo, na Marekani walimkubali kama kifaa cha tiba 2009. Wazee wengi wenye shida kama ya mama hutulia wakimshika, wanaanza hata kuongea, na hapo hakuna kulisha wala kung'atwa.

Kuhusu kudanganya, mi naona usimwambie ni mnyama hai, mwache amchukulie anavyotaka, akiuliza mwambie ukweli kwa upole. Asipompenda usimlazimishe, wengine wanaona wanafanywa watoto na hilo linauma jamani. Ila usimwachie roboti ukaondoka, kaa naye hapohapo mumpapase wote, maana stori zikianza atahitaji mtu wa kumjibu.