Kabla hujamwambia mtoto ana "damu ya baba yake"

Dada yangu alifariki akaniachia mtoto wa kiume wa miaka tisa, baba yake yuko jela, miaka 30, unyang'anyi wa kutumia silaha. Nikamchukua tukakaa nae Tanga kwa mama. Mwaka wa kwanza mambo safi, wa pili ikapotea elfu tano kwenye kopo la majani ya chai ambamo mama huficha hela ya mboga, kutafuta kutafuta ikakutwa kwenye soksi ya dogo.

Usiku huohuo kikao. Shangazi yuko kwenye simu loudspika, mjomba wangu kavuta kiti, na mama akamaliza kesi kwa sentensi moja, "Hiyo damu ya baba yake, mtoto wa nyoka ni nyoka." Dogo kasimama mlangoni na kaptula ya shule anabandua rangi ya fremu kwa kucha. Siku mbili baadae namnyoa uani akaniuliza, "Mjomba, hospitali wanaweza kunitoa damu yote wakaniwekea ya kwako?"

Nikazima mashine. Kichwa kimenyolewa nusu, na jibu sina.

Ndo nikaanza kusoma, na kumbe hii imani ya mama wazungu walishaiita sayansi zamani sana. Kulikua na daktari Mtaliano, Cesare Lombroso, alipasua fuvu la mtu wa Calabria aliyewahi kufungwa, akaona kishimo upande wa nyuma kwa ndani, bas, akaamua mhalifu anazaliwa. Kitabu chake kilitoka 1876, eti utawajua kwa taya kubwa, masikio, mikono mirefu (kwa vigezo hivyo nusu ya ukoo wetu tungekua ndani). Mwaka 1913 daktari wa magereza Uingereza, Charles Goring, akatoa matokeo ya kupima wafungwa kama 3,000 na kuwalinganisha na watu wa kawaida, hiyo sura ya mhalifu hakuiona.

Lakini nisiwadanganye, sio kwamba mwili hauhusiki kabisa. Kuna jeni moja (kipande cha urithi tunachopata kwa wazazi, sio jini la mashetani) inaitwa MAOA, 1993 waliikuta imeharibika kwenye familia moja ya Uholanzi ambayo wanaume wake walikua na hasira za kupitiliza na makosa kama kuchoma moto. Hiyo ni hali adimu sana. Utafiti ulionikaa zaidi mimi ni wa Dunedin, New Zealand, uliotoka 2002, walifuatilia watoto toka wadogo mpaka ukubwani, wakaangalia wavulana 442. Wale wenye MAOA inayofanya kazi kidogo NA waliteswa utotoni walikua asilimia 12 tu ya kundi, ila walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye jeni hiyohiyo ila walilelewa bila mateso, hawakutofautiana na wengine. Tafiti zilizofuata hazijakubaliana zote, lakini mimi nilipofika hapo niliirudia mara tatu, mana kwenye kile kikao mjomba alishasema dogo achapwe mpaka damu hiyo imtoke. Yani tiba tuliyokua tunaipanga ndo hatari yenyewe!

Sasa ushauri, kwa anaelea mtoto wa namna hii. Hilo neno la damu usilitamke hata kwa utani, hata ukidhani kalala. Akikosea uliza kwanza. Mimi nilimuuliza siku ya tatu, kumbe alikodi baiskeli akapinda ringi na fundi kamtishia atakuja kwa bibi. Elfu tano. Tulienda wote kwa fundi, na hela ya mama akairudisha kwa kuchota maji wiki tatu, adhabu aliipata lakini ya kosa lake sio ya baba yake. Kingine, mtoto akibadilika tabia ghafla hasa baada ya kuanguka au kugongwa kichwa mpeleke hospitali, sehemu ya mbele ya ubongo ndo inayotushikia breki, ikiumia hata mtu mpole anaweza kugeuka. Na muwaweke mbali na betri kuukuu za magari, ile risasi ya ndani (sio ya bunduki, ya madini) inaharibu ubongo wa mtoto taratibu, akili na utulivu vinapungua, walioishi Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokua na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua kazi yake.

Swali lake la uani nilikuja kulijibu baadae, nikamwambia damu ya kuongezewa haibadilishi mtu tabia, ingekua hivyo mimi niliyeongezewa chupa mbili baada ya ajali ya bodaboda ningekua nimeshakua mtu mwingine. Akacheka, akasema labda ndo mana napenda pilipili.

Saizi ana miaka 19, fundi umeme. Akija kusalimia anamletea bibi yake samaki, na mama anampokea vizuri tu, ila lile kopo la majani bado analihamishia chumbani.