Dawa ya kung'arisha gari: kabla hujauliza kama inafanya kazi, zuia isiguse pedeli

Mkuu, umeuliza kama dawa za kung'arisha dashibodi na nta ya bodi zinafanya kazi kweli. Nimesoma mpaka pale uliposema kijana wa kuosha magari "atapiga ndani kote" kwa buku mbili, chai ikanipalia. Kama gari liko kwake sasa hivi, mpigie simu umzuie.

Nilinunua Vitz, muuza duka la vifaa vya magari akaniuzia kopo la kupuliza kwa 8,000. "Hii bosi paka popote, jua halikugusi." Popote! Nikamkabidhi kijana wa kuosha, naye ni mchapakazi: dashibodi, milango, usukani, na pedeli zote mbili akazipuliza mpaka zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikampa na buku la soda. Yaani ajali yangu nimeilipia mwenyewe, na chenji sikudai.

Foleni ya Mwenge, niko na ndala bado zimelowa maji ya kuoshea. Daladala ya mbele ikasimama. Nikakanyaga breki, mguu ukateleza pembeni, ukatua kwenye eksileta. Bampa, shoo, taa ya kulia, rejeta, kunyoosha boneti: 940,000. Bima yangu ilikuwa ndogo, inamlipa niliyemgonga tu, gari langu nikabaki nalitazama. Konda akashuka, akakagua daladala yao isiyo na hata mkwaruzo, akachungulia ndani kwangu: "Ila bro, dashibodi inang'aa."

Jioni ndiyo nikasoma kopo. Kwa maandishi ya sisimizi: usipake kwenye usukani wala pedeli. Nikamrudia muuza duka, ananijibu eti "si imeandikwa bosi?" Nilitamani nimpulizie sakafu ya duka, nikae nje nisubiri atoke.

Kwa hiyo kinachokanyagwa, kinachoshikwa na kinachogusa lami hakipakwi. Basi. Usukani ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Tairi paka ubavuni tu, usisogee kwenye meno. Na kama pedeli wameshazipaka, usiondoe gari: zisugue kwa brashi na sabuni, zikauke, halafu zijaribu kwa kiatu gari likiwa limezimwa.

Sasa, zinafanya kazi? Zile za kung'aa sana nyingi ni silikoni, zinakaa juu juu na kunasa vumbi, na jua la saa kumi likipiga unaona dashibodi kwenye kioo badala ya barabara. Zile za maji zenye kinga ya miale ya jua zinasaidia, ila zinaisha, lazima urudie rudie. Mimi siku hizi naweka lile pazia la kukunja kwenye kioo cha mbele nikipaki juani.

Uliuliza na nta ya bodi, wenye uzoefu nayo watakuja kukujibu. Kopo langu bado lina nusu, linang'arisha meza ya TV.